Utando Huanza Majini: Molekuli za Rangi Zenye Asidi Amino na Namna Zinavyojipanga

Miongoni mwa molekuli zote nilizowahi kuzifanyia kazi katika kemia ya maada laini, hakuna zilizonishughulisha kuliko perileni bisimidi zenye asidi amino. Ni molekuli za rangi nyekundu iliyokoza, bapa katikati, zenye asidi amino moja katika kila ncha. Ukizitia katika maji yenye alikali huyeyuka, ukiishusha pH hujifuma kuwa nyuzi, na maji hayo yakikaukia juu ya kioo huacha utando mwembamba unaoweza kupitisha umeme pale unapomulikwa. Wengi wanaosoma habari hizi kwa mara ya kwanza huutazama mchoro wa molekuli wakiamini kwamba siri yote imo humo. Mimi nashikilia kwamba mchoro hueleza sehemu ndogo tu. Utando mkavu hubeba ndani yake historia ya maji ulimotoka: pH yake, kasi ya kuongezwa kwa asidi, namna tone lilivyokauka, hata unyevu wa hewa ya chumba siku ile. Historia hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa utaratibu.

Chanzo cha familia hii ni perileni, hidrokaboni yenye atomi 20 za kaboni na 12 za haidrojeni zilizopangwa katika pete tano zilizoungana. Katika maabara hatuanzi na perileni yenyewe, bali na unga mwekundu uitwao perileni tetrakaboksili dianihidridi, wenye anihidridi moja (kundi la asidi mbili zilizoungana baada ya kupoteza maji) katika kila ncha. Rangi za jamii hii zinajulikana tangu mwaka 1913, na kwa muda mrefu zimetumika viwandani, hasa katika rangi nyekundu za magari, kwa sababu hustahimili jua na joto bila kupauka. Sifa hiyo inayowapendeza wenye viwanda humpa mkemia taabu kubwa, kwa kuwa molekuli zinazoshikamana kwa nguvu kiasi hicho haziyeyuki karibu katika kiyeyushi chochote.

Asidi amino ndiyo inayotatua taabu hiyo. Dianihidridi huchanganywa na asidi amino, kwa mfano L-alanini, ndani ya imidazoli, kiyeyushi cha kazi hii, iliyoyeyushwa kwa nyuzi 120 za Selsiasi chini ya hewa ya naitrojeni. Kundi la amino hushambulia anihidridi, maji hutoka, na kila ncha hufungwa kuwa imidi, yaani pete yenye naitrojeni. Baada ya saa kadhaa mchanganyiko hupozwa na kutiwa asidi ya haidrokloriki, kisha bidhaa hutuama kama unga mwekundu ambao huoshwa kwa maji mengi mpaka imidazoli iishe. Molekuli yenye alanini mbili ina uzito wa karibu gramu 534 kwa moli, na katika kila ncha yake sasa kuna kundi la kaboksili ambalo linaweza kupoteza protoni na kupata chaji hasi. Chaji hizo mbili zinatosha kuiingiza majini rangi ambayo awali haikukubali kuyeyuka.

Kuna jambo moja katika muundo huu ambalo wanafunzi wangu hulipita haraka, nami huwarudisha kwalo kila mara. Mwanga unaonyonywa na perileni bisimidi huhamisha elektroni kutoka obiti (eneo ambamo elektroni hukaa) ya juu kabisa iliyojaa kwenda obiti ya chini kabisa iliyo tupu, na obiti zote mbili hufikia sifuri mahali ilipo naitrojeni ya imidi. Maana yake ni kwamba kitu chochote unachokifunga kwenye naitrojeni hiyo hakisikiki kabisa, au husikika kidogo sana, na elektroni za kiini, yaani sehemu bapa ya katikati ya molekuli. Molekuli moja pekee yenye alanini, nyingine yenye valini na nyingine yenye fenilalanini zitanyonya mwanga karibu sawasawa. Hata hivyo, tando zinazotokana na molekuli hizo hutofautiana kwa rangi, kwa umbo la nyuzi na kwa uwezo wa kupitisha umeme. Tofauti hiyo haiwezi kutoka ndani ya molekuli moja moja. Hutoka katika namna zinavyokaa pamoja, na hapo ndipo asidi amino inapofanya kazi yake halisi: ukubwa wa mnyororo wake wa kando, pete iliyonayo au isiyonayo, na upande ambao molekuli imepindia huamua jirani atakaa umbali gani na kwa pembe gani.

Sasa tuingie majini. Rangi hii ikiyeyushwa pamoja na sodiamu haidroksaidi, kwa kiasi cha moli mbili za haidroksaidi kwa kila moli moja ya rangi, hupatikana kimiminika chekundu kinachopita katika kichujio bila shida, na mtu anaweza kudhani kwamba kila molekuli inaogelea peke yake. Sivyo ilivyo. Viini bapa huyakimbia maji hata pale ncha zinapoyapenda, kwa hiyo hulaliana uso kwa uso zikiachana kwa takriban nanomita 0.34, na rundo hilo hurefuka kuwa miseli, yaani kifungu cha molekuli kinachoelea majini. Kwa baadhi ya asidi amino na kwa mkusanyiko wa miligramu chache kwa mililita, miseli hizo huwa ndefu na zenye kunyumbuka kama minyoo, kiasi cha kuongeza mnato wa maji. Kwa hiyo mpangilio umekwisha kuanza kabla hatujaongeza tone la asidi, na kile tunachokiita kuyeyuka ni hatua ya kwanza ya kujipanga.

Mpangilio huo huweza kuonekana kwa kifaa cha kawaida cha kupima unyonyaji wa mwanga. Molekuli iliyo peke yake katika kiyeyushi kizuri huonyesha kilele kirefu karibu na nanomita 525 na kilele kifupi zaidi karibu na nanomita 490, na kile cha kwanza huwa kirefu kuliko cha pili kwa takriban mara 1.6. Molekuli zinapolaliana, uwiano huo hupinduka, kilele cha nanomita 490 kikawa kirefu kuliko kile cha 525. Mwanafunzi anayejua kuusoma uwiano huu ana dirisha la kutazama ndani ya maji bila hadubini ya mamilioni ya shilingi, nami humwambia kila anayeanza kazi hii apime spektra ya maji yake, yaani mchoro wa unyonyaji kwa kila urefu wa wimbi, kila siku kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Sayansi ya kusoma mpangilio kwa rangi ina historia inayostahili kukumbukwa. Katika miaka ya 1930, Edwin Jelley wa kampuni ya Kodak na Günter Scheibe wa Ujerumani waligundua, kila mmoja kwa upande wake, kwamba rangi iitwayo pseudoisosianini ikiongezwa mkusanyiko majini hutoa kilele kipya chembamba mno kilichosogea upande wa mawimbi marefu. Marundo ya molekuli yenye tabia hiyo yakaja kuitwa ya aina ya J, kwa heshima ya Jelley, na yale yanayosogeza kilele upande wa mawimbi mafupi yakaitwa ya aina ya H. Baadaye mkemia Michael Kasha alieleza sababu: molekuli zinazolaliana uso kwa uso, moja juu ya nyingine kabisa, huunganisha msisimko wao kwa njia inayopandisha nishati ya hali inayonyonya mwanga, na zile zilizoteleza kama vigae huishusha. Kwa perileni bisimidi zetu tofauti kati ya hali hizi mbili inaweza kuwa mteleko wa sehemu ya kumi ya nanomita hapa na pale, na asidi amino huuamua mteleko huo. Kazi ya Frank Würthner na wenzake huko Würzburg, Ujerumani, imefanya mengi katika kuonyesha jinsi viini vya perileni vinavyoweza kuelekezwa kati ya hali hizi kwa kubadilisha vitu vilivyofungwa kando yake.

Hatua inayofuata ni kuishusha pH, na kwa maoni yangu hakuna hatua inayoandikwa kwa uzembe zaidi katika ripoti za maabara. Makundi ya kaboksili yanapopokea protoni hupoteza chaji, miseli zikaacha kusukumana, zikasogeleana na kufungamana kuwa nyuzi nene, na maji yote yakashikwa katikati ya nyuzi hizo kama jeli. Mtu anayekumbuka kwamba kaboksili ya alanini huru hupoteza protoni katika pH ya karibu 2.3 atashangaa kuona jeli ikianza kuunda kwenye pH ya 5 au hata 6. Sababu ni kwamba kaboksili hizi haziko huru tena: zimebanana kwenye uso wa miseli, chaji hasi zikikaribiana, na kila protoni inayoingia huwapunguzia majirani msukumano, hivyo hupokelewa mapema kuliko ingepokelewa na molekuli iliyo pekee. Thamani hiyo ya pH hutegemea asidi amino iliyotumika na mkusanyiko wa rangi, na ni lazima ipimwe kwa kila mchanganyiko.

Namna ya kuishusha pH ina uzito sawa na pH yenyewe. Ukidondosha asidi ya haidrokloriki moja kwa moja, mahali tone linapoangukia hugeuka kuwa mabonge papo hapo, na sehemu nyingine hubaki kimiminika. Ndiyo maana wengi hutumia glukono-delta-laktoni, ambayo huyeyuka kwanza na kisha hugeuka kuwa asidi ya glukoniki polepole kwa muda wa saa nyingi, kwa hiyo pH hushuka kwa usawa katika chombo kizima na jeli inayopatikana huwa ya namna moja. Njia hiyo ni nzuri mno kwa kutengeneza jeli. Kwa kutengeneza utando ina gharama ambayo haitajwi vya kutosha: asidi ya glukoniki haiendi popote. Mara nyingi uzito wa laktoni iliyotiwa hulingana na uzito wa rangi au huuzidi, na maji yakishakauka sehemu kubwa ya utando huwa ni masalia ya jamii ya sukari yanayovuta unyevu wa hewa. Anayepima umeme katika utando kama huo bila kuuosha anapima mchanganyiko wa vitu viwili, na ni haki ya msomaji wake kuambiwa hivyo.

Kuna njia ya tatu ninayoipenda kwa sababu huunda utando pale pale unapotakiwa. Haidrokwinoni, molekuli ndogo inayooksidishwa kwa urahisi, huyeyushwa pamoja na rangi, kisha elektrodi hupewa volti za kutosha kuioksidisha kuwa benzokwinoni. Kila molekuli ya haidrokwinoni inayooksidishwa huachia protoni mbili, kwa hiyo pH hushuka karibu na uso wa elektrodi peke yake na jeli huota juu yake kama ngozi, huku maji mengine yakibaki na alikali. Njia hii ilionyeshwa na kundi la Petra Cameron pamoja na Dave Adams, wakemia wa Uingereza, mwaka 2010 kwa kutumia dipeptidi (asidi amino mbili zilizoungana), ambapo unene wa utando huongozwa na mkondo wa umeme na muda. Kwa rangi zenye asidi amino kanuni ni ile ile, kwa kuwa kinachohitajika ni molekuli inayojipanga inapopokea protoni.

Tufike sasa kwenye kukauka, mahali ambapo matumaini mengi huharibika. Chukua mikrolita 10 za maji yenye miligramu 5 za rangi kwa kila mililita, uzisambaze juu ya sentimita moja ya mraba ya kioo. Hizo ni mikrogramu 50 za rangi. Tukichukulia msongamano wa gramu 1.5 kwa sentimita ya ujazo, utando usio na matundu ungekuwa na unene wa takriban nanomita 330, na kama molekuli zingelazwa bapa juu ya kioo, hizo ni kama tabaka 1,000. Hesabu hiyo ni nzuri kwenye karatasi. Juu ya kioo halisi, ukingo wa tone hushikamana na uso, maji hukauka haraka zaidi ukingoni kuliko katikati, na mkondo mdogo huyasukuma yaliyomo kutoka katikati kwenda nje ili kufidia maji yanayopotea. Matokeo ni duara nene pembeni na utando mwepesi katikati, jambo lile lile linaloacha duara la hudhurungi chini ya kikombe cha kahawa, ambalo Robert Deegan, Sidney Nagel na wenzao wa Chicago walilieleza kifizikia mwaka 1997. Pima umeme ukingoni, kisha upime katikati, na utapata majibu mawili yasiyokubaliana kutoka katika tone moja.

Nyuzi ndefu husaidia kidogo hapa. Chembe za mviringo husombwa hadi ukingoni kwa urahisi, lakini nyuzi zilizofungamana hukatalia mahali pake, kwa hiyo jeli iliyokwisha kuundwa hukauka kwa usawa zaidi kuliko kimiminika cha miseli. Jeli nayo ina tatizo lake. Maji yanapoondoka, nguvu za kapilari, yaani mvuto wa uso wa maji katika nafasi finyu, huvuta nyuzi pamoja, utando husinyaa kwa kimo, nyuzi ambazo zilikuwa mbali hulaliana na kuwa vifungu, na pale mvutano unapozidi nguvu za utando hutokea nyufa. Kundi la Adams limelichunguza suala hili kwa kutumia mtawanyiko wa nyutroni, ambao humwezesha mtu kuona nyuzi zikiwa bado majini, mradi maji ya kawaida yamebadilishwa kwa maji mazito ya dyuteriamu ili kupata utofauti wa kutosha. Walipolinganisha jeli mbichi na ile iliyokaushwa waligundua kwamba kukausha kunaweza kuubadilisha mtandao wa nyuzi, na kwamba kiasi cha mabadiliko hutofautiana kutoka molekuli moja hadi nyingine. Natamani kila anayechapisha picha ya hadubini ya elektroni angeyazingatia matokeo hayo, kwa kuwa picha ile karibu kila mara ni ya kitu kikavu, na maelezo chini yake huzungumza kana kwamba ni ya kitu kibichi.

Kukausha kwa kugandisha hakumuokoi mtu, kwa sababu fuwele za barafu zinapokua huzisukuma nyuzi na kuzibananisha katika kuta. Kukausha kwa kaboni dioksidi iliyopita kikomo ambacho kimiminika na gesi havitofautiani tena, yaani juu ya nyuzi 31 za Selsiasi na shinikizo la baa 74 hivi, huepuka nguvu za kapilari, ila hulazimu kwanza kubadilisha maji yote kwa kiyeyushi kingine ambacho chenyewe kinaweza kuvuruga mlalo wa molekuli.

Katika pwani yetu jambo la unyevu lina uzito wa pekee. Maelekezo yanayosema tone liachwe likauke usiku kucha katika joto la chumba yameandikwa, mara nyingi, na watu wanaoishi katika nchi za baridi ambako hewa ya ndani ya chumba huwa kavu wakati wa kipupwe. Mtu akiyafuata Tanga au Mombasa katika miezi ya mvua, tone lake litakauka polepole mno, na muda huo wote maji yenye alikali yataendelea kunyonya kaboni dioksidi kutoka hewani, ambayo huzalisha kaboneti na kuishusha pH taratibu. Utando utakaopatikana hautakuwa ule ulioelezwa katika maelekezo, ingawa molekuli ni ile ile na mkusanyiko ni ule ule. Dawa yake haihitaji mashine kubwa. Sanduku lililofungwa vizuri, lenye chumvi iliyoloweshwa hadi kujaa ndani yake, hushikilia unyevu katika kiwango kinachojulikana: kloridi ya magnesiamu hushikilia karibu asilimia 33, na chumvi ya kawaida ya mezani karibu asilimia 75. Aandike tu ni chumvi gani ametumia, na mwenzake aliye Kampala ataweza kurudia.

Wanaotaka utando ulio sawa zaidi hutumia kioo kinachozungushwa kwa kasi, na maji hukauka kwa sekunde badala ya saa. Kasi hiyo huondoa duara la ukingoni, lakini huwanyima molekuli muda wa kutafuta mlalo zinaoupendelea, kwa hiyo hali zilizokuwa majini hunaswa zilivyo. Wengine huburuta ubao juu ya kioo ili kimiminika kikauke kikiwa kinavutwa upande mmoja, na miseli zilizo ndefu hujilaza kufuata mwelekeo wa mvuto. Hapo faida ni kubwa, kwa kuwa elektroni husafiri kwa urahisi zaidi kufuata urefu wa uzi, kutoka kiini hadi kiini, kuliko kuruka kutoka uzi hadi uzi. Utando ulioburutwa hupitisha umeme vizuri zaidi kuelekea upande mmoja kuliko upande unaoukata. Jambo hili huonekana hata kwa macho: weka utando kati ya polaroidi mbili (vichujio vinavyopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu) zilizokatishana, uuzungushe, na utauona ukiangaza na kufifia kwa zamu.

Kuhusu umeme wenyewe, perileni bisimidi ni miongoni mwa semikondakta za kioganiki zinazopenda kupokea elektroni, tofauti na nyingi ambazo hutoa. Sifa hiyo ilitumiwa na Ching Tang wa Kodak mwaka 1986, alipochapisha seli ya jua yenye tabaka mbili, moja ya fthalosianini ya shaba na nyingine ya rangi ya jamii ya perileni, iliyobadilisha karibu asilimia 1 ya nishati ya mwanga kuwa umeme. Tabaka zake zilitengenezwa kwa kuvukizwa ndani ya ombwe. Tando zenye asidi amino hutoka majini, bila ombwe na bila viyeyushi vyenye klorini, na hilo kwangu ni jambo kubwa, maana maabara nyingi ninazozifahamu hazina makabati ya kutosha ya kuondoa mvuke wa sumu.

Utando mkavu wa rangi hizi gizani hupitisha umeme kidogo sana. Umulike kwa urujuanimno, kwa mfano wa nanomita 365, na mkondo huongezeka, huku wekundu wake ukielekea zambarau au bluu na spektra ikionyesha vilele vipya vilivyopita nanomita 700. Vilele hivyo ni alama ya anayoni radikali, yaani molekuli iliyopokea elektroni moja ya ziada. Anayoni hizo hazifi mara taa inapozimwa. Hudumu kwa muda, na oksijeni ya hewa ndiyo hasa inayozimaliza. Kundi la Adams, lililoanza kazi hii Liverpool na kuiendeleza Glasgow, pamoja na Emily Draper ambaye sasa ana kundi lake hapo hapo Glasgow, walionyesha mwaka 2017 kwamba mwitikio huu wa mwanga unaweza kuongozwa kwa pH ya maji ambamo rangi ilikaushwa. Molekuli moja, pH tofauti, tando zenye tabia tofauti. Kwa mtu anayetaka ushahidi wa hoja niliyoianza nayo, sijui mahali pengine pazuri zaidi pa kumwelekeza.

Kuna mpaka mmoja ambao lazima usemwe waziwazi. Nyuzi zinapokauka hulala juu ya kioo, kwa hiyo njia nzuri ya elektroni huwa imelala pia, sambamba na kioo. Hilo linafaa kwa vihisio na transista ambazo elektrodi zake ziko kando kwa kando. Kwa seli ya jua, ambako elektroni inatakiwa kupanda kutoka tabaka la chini hadi la juu, mpangilio huo umekaa upande usiofaa. Ninapoona pendekezo la mradi linaloahidi seli za jua kutoka katika jeli hizi bila kueleza jinsi nyuzi zitakavyosimamishwa, huuliza swali hilo kabla ya lingine lolote. Matumizi ya karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni vihisio vya mwanga na vioo vinavyobadilika rangi kwa umeme, na kwa vioo hivyo ndugu wa perileni bisimidi wa jamii ya naftaleni, wenye kiini kidogo zaidi kisicho na rangi kali, wanafaa zaidi kwa sababu huanza wakiwa karibu angavu na kukolea wanapopokea elektroni.

Viumbe hai vimekwisha kutumia kanuni hii ya molekuli za rangi kujipanga zenyewe. Bakteria wa kijani wa salfa, ambao huishi mahali penye mwanga hafifu mno, wakiwemo wale wanaopatikana karibu mita 100 chini ya uso wa Bahari Nyeusi, hukusanya mwanga kwa vifuko viitwavyo klorosomu. Ndani ya kila kifuko kuna maelfu kwa maelfu ya molekuli za bakteriaklorofili zilizojipanga zenyewe bila protini ya kuzishikilia, na msisimko husafiri kutoka molekuli hadi molekuli mpaka uifikie mashine ya kemia iliyo chini yake. Huo ni mpangilio uliotokana na molekuli za rangi tu, ukafanya kazi yake kwa ukamilifu katika mwanga ambao mmea wa kawaida usingeweza kuutumia.

Kwa walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu wanaofikiria kuingia katika kazi hii, vifaa vya kuanzia vipo katika idara nyingi: mizani nzuri, kipima pH, kifaa cha kupima unyonyaji wa mwanga, vioo vya hadubini na polaroidi mbili. Kwa vifaa hivyo unaweza kulinganisha alanini na fenilalanini katika pH tatu, kila moja ikikaushwa katika unyevu wa aina mbili, na kila utando ukapimwa spektra yake kabla na baada ya kukauka. Andika pH ya mwisho kabla ya kukausha, si ya kuanzia pekee. Andika umri wa maji, kwa sababu miseli huendelea kurefuka chupani. Andika kama utando ulioshwa, na kwa nini. Uwiano wa vilele vya nanomita 525 na 490 ukibadilika baada ya kukauka katika alanini na usibadilike katika fenilalanini, au kinyume chake, tayari unayo matokeo yenye thamani, na swali linalofuata ni iwapo badiliko hilo hutokea maji yanapokaribia kwisha au mapema zaidi, jambo unaloweza kulifuatilia kwa kuweka kioo chenyewe ndani ya kifaa na kuisoma spektra huku tone likikauka.